Anza na Bati, Kisha Kiyoyozi

Simu za wateja huanza kuwa nyingi katikati ya Septemba. Mvua imekatika tangu Aprili, upepo umekausha nyasi zote, na jua linasogea kuja utosini. Maombi yanafanana: "Fundi, njoo uniongezee gesi, kiyoyozi hakipoozi." Ninakwenda na geji zangu, lakini sizitoi kwenye begi kwanza. Naomba ngazi, nafungua uso wa mashine, nachomoa filta na kuielekeza dirishani. Msimu huo, katika nyumba nyingi za Dodoma, filta haipitishi mwanga hata chembe. Vumbi limeshikana limekuwa utando mmoja. Hewa ya chumba haipiti, koili ya ndani inapoa kupita kiasi, unyevu kidogo uliopo unagandia pale pale na kuwa barafu, na mwenye nyumba anabaki na joto lake huku mashine ikila umeme mchana kutwa. Hapo gesi haina kosa lolote.

Nalitanguliza hili kwa sababu linawatoa watu fedha bure. Gesi ya kiyoyozi haitumiki ikaisha kama mafuta ya gari. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa: kompresa inaibana, inatupa joto nje, inapanuka, inachukua joto la chumbani, inarudi kubanwa tena. Kiasi kinachotakiwa kimeandikwa kwa gramu kwenye kibandiko cha mashine ya nje, na miaka kumi baadaye kinapaswa kuwa kile kile. Kikipungua, kuna mahali panavuja. Fundi anayeongeza gesi kila mwaka bila kutafuta panapovuja anakuuzia bidhaa moja mara nyingi, na kila mara kompresa inazidi kuumia, maana gesi baridi inayorudi ndiyo inayoipooza yenyewe.

Mara nyingi panapovuja ni kwenye viungio vya nati, pale paipu ya shaba inapotanuliwa mdomo na kukazwa. Nati imekazwa nusu, au imekazwa kwa hasira hadi mdomo wa shaba ukapasuka. Povu la sabuni linatosha kuonyesha. Pakiwa pamejificha, tunajaza naitrojeni kwa mgandamizo, tunafunga, tunaiangalia geji kama inashuka. Naitrojeni, narudia. Usimruhusu mtu yeyote kupima mabomba yako kwa oksijeni ya kuchomelea, hata akikuambia ni rahisi kupatikana. Oksijeni ikikutana na mafuta ya kompresa inalipuka. Baada ya kuziba, hewa yote inanyonywa kwa pampu ya vakyumu, na gesi mpya inaingia kwa kupimwa kwenye mizani. Ukimwona fundi anakadiria kwa kushika paipu kwa mkono na kusema "imetosha", una haki ya kumwuliza mizani yake iko wapi.

Nilijifunza kazi hii katika mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, nikaja Dodoma baada ya Serikali kutangaza mwaka 2016 kwamba sasa inahamia kweli. Uamuzi wa kuifanya Dodoma makao makuu ulikuwapo tangu mwaka 1973, lakini ni katika miaka hii ndipo Kisasa, Ilazo, Njedengwa, Nzuguni na Iyumbu zilipojaa nyumba mpya, na Mtumba pakasimama mji wa wizara. Watumishi walihama na vitanda, makabati na viyoyozi vyao. Walihama pia na mazoea ya pwani, na mazoea hayo ndiyo yananipa kazi zaidi kuliko ubovu wa mashine.

Mfano ulio wazi ni maji. Mtu aliyekaa Sinza au Tabata amezoea kuona paipu ya kiyoyozi ikidondosha maji kutwa, hata anatega ndoo. Akifika hapa mwezi wa kumi, paipu ni kavu. Anaingiwa na hofu kwamba mashine imekufa. Haijafa. Hewa ya Dar ina mvuke mwingi wa bahari, na sehemu kubwa ya kazi ya kiyoyozi kule ni kuukamua. Hata mashine yenyewe ilizaliwa kwa ajili hiyo: mwaka 1902 Willis Carrier, mhandisi kijana wa Marekani, alisanifu mtambo wa kwanza wa aina hii kwa ajili ya kiwanda cha uchapaji cha Brooklyn, New York, ambako unyevu ulikuwa ukitanua karatasi na kuharibu rangi. Dodoma tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na mwezi wa kumi hewa ni kavu kiasi kwamba midomo inapasuka. Hakuna cha kukamua. Kwa chumba cha ukubwa ule ule, mashine ndogo kuliko ile ya Dar inatosha, mradi paa halikuangushi. Ukifunga ya BTU 18,000 kwenye chumba cha kulala cha kawaida kwa kuwa ndiyo uliyokuja nayo, itawaka dakika chache, itazima, itawaka tena, na kila kuwaka ni mzigo kwa kompresa na kwa LUKU yako.

Turudi kwenye vumbi, kwa kuwa ndilo adui mkuu wa hapa. Kuanzia Julai hadi mvua za Desemba, filta ioshwe kila baada ya wiki mbili. Kazi hii haihitaji fundi. Chomoa, osha kwa maji ya kawaida na sabuni kidogo, anika kivulini, rudisha. Jua kali la hapa linakunja plastiki, ndiyo maana nasisitiza kivuli. Mashine ya nje ni kazi nyingine. Zima breka kwanza, si remoti peke yake. Maji yatoke kwa nguvu ndogo, yakisukuma vumbi kutoka ndani kuelekea nje, njia lilikoingilia. Nimeona mashine zilizooshwa kwa pampu ya kuoshea magari: mapezi ya alumini yamelala yote, na hewa haipiti tena. Hapo mtu amelipia usafi akanunua hasara.

Na pale unapoifunga mashine ya nje pana maana kubwa katika mji huu. Upepo wetu kwa sehemu kubwa ya mwaka unatoka mashariki na kusini mashariki, na una nguvu. Mashine ikielekezwa uso kwa uso na upepo, feni yake inapigana nao siku nzima. Ikiwekwa ukuta wa magharibi, inapigwa na jua la alasiri saa ile ile inapotakiwa kufanya kazi nyingi. Mimi natafuta ukuta wa kusini au wa kaskazini wenye kivuli, juu ya kiwango cha vumbi linalofagiliwa uani. Hewa yenyewe ya huku juu ni nyepesi kuliko ya pwani kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi, kwa hiyo kila mzunguko wa feni unabeba joto pungufu kuliko kule. Mashine isiyo na nafasi ya kupumua inalipa gharama mara mbili.

Kuhusu umeme nitasema kwa kifupi. Mitaa inapokua haraka, nyumba nyingi hujikuta mwisho wa laini, na jioni umeme unashuka chini ya volti 230 zinazotakiwa. Mashine inanguruma, haiwaki. Kinachokufa kwanza mara nyingi ni kapasita, kipande kidogo cha bei nafuu kinachoipa kompresa msukumo wa kuanza. Kabla hujakubali kuambiwa kompresa imeungua, omba kapasita ipimwe mbele yako. Kifaa cha kulinda umeme, kile wengi wanachokiita friji gadi, kifungwe chenye uwezo wa kiyoyozi na si cha jokofu, na kiwe na kuchelewesha dakika tatu au zaidi umeme unaporudi, ili mgandamizo ndani ya mabomba utulie kwanza. Waya wa kiyoyozi uwe na njia yake yenyewe kutoka kwenye breka. Kuungia kwenye soketi ya pasi ni kutafuta moto.

Sasa nifike kwenye bati, jambo ninalolishikilia kuliko yote.

Dodoma iko nyuzi sita kusini mwa ikweta. Jua linatupita utosini mara mbili kwa mwaka: mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba. Machi kuna mawingu na mvua inayapooza mapaa. Oktoba hakuna wingu. Jua la saa sita mchana linashuka wima juu ya bati, na bati lenye rangi nzito linaweza kufika nyuzi 60 na kupita. Chini yake kuna nini? Katika nyumba nyingi mpya, kuna ubao mwembamba wa jipsamu uliopambwa vizuri kwa taa za rangi, na basi. Joto lote la bati linaupiga ule ubao, ubao unapata moto, unakumwagia kichwani hadi usiku. Kiyoyozi kinachofungwa chini ya dari la namna hiyo kinapambana na jua lenyewe. Mteja anadhani hewa ya nje ndiyo yenye joto, kumbe hewa ya Dodoma hata Novemba, mwezi wa joto kuliko yote, hufika wastani wa nyuzi 31 mchana, na usiku hushuka chini ya 20. Kwa vipimo vya dunia hiyo si hali ya kutisha. Anayetutesa ni paa.

Kwa hiyo nikiitwa kufunga mashine ya pili kwenye sebule ambayo mashine ya kwanza "haitoshi", napanda darini kwanza. Naangalia kama kuna matundu ya hewa kwenye pembe za paa, ili hewa moto itoke na nyingine iingie. Naangalia kama kuna kitu chochote cha kuzuia joto kati ya bati na dari: sufi ya kioo, au karatasi ya fedha ya kurudisha mionzi, ikiwa na nafasi ya hewa upande wake unaong'aa. Naangalia rangi ya bati. Bati jeupe linarudisha sehemu kubwa ya jua kabla halijawa joto, na kupaka rangi paa lililopo ni kazi ya siku chache kabla ya Oktoba. Mzee mmoja mstaafu wa Nkuhungu alikuwa ameshatenga fedha za kiyoyozi cha pili. Nilimwomba kwa heshima aanze na rangi nyeupe na matundu ya paa, ndipo tuzungumze. Mashine ya pili hajainunua. Nilikosa malipo ya kuifunga, na sijutii.

Wenyeji wa hapa walilijua suala la paa kabla ya sisi wote. Ukienda vijijini Bahi, Chamwino au Mpwapwa bado utaziona tembe za Wagogo: nguzo na fito, kuta za udongo, paa bapa lililobebwa na magogo na kufunikwa tabaka nene la udongo. Joto la mchana linachukua saa kadhaa kupenya udongo ule, na linapofika ndani, nje pameshapoa. Bibi mmoja wa Chamwino, nilipomwamkia "Mbukwenyi" na kuingia kwake saa nane mchana, alicheka jinsi nilivyosimama katikati ya chumba nikitafuta ubaridi unatoka wapi. Sisemi turudi kwenye tembe. Paa lake linavuja, mchwa hula nguzo, na moshi wa ndani ni mbaya kwa macho na mapafu. Nasema uzito wa udongo una kazi. Anayejenga leo Iyumbu anaweza kulaza tofali badala ya kulisimamisha kwenye ukuta wa magharibi, akaweka baraza lenye kivuli upande huo, akapanda mwarobaini. Hizo ni gharama za mara moja.

Usiku wetu pia ni mali. Nyumba ikifunguliwa saa tatu usiku na kufungwa saa mbili asubuhi, kuta zinakunywa ubaridi wa kutosha hadi mchana. Kikwazo ni madirisha ya aluminiamu ya kuteleza, ambayo yanafunguka nusu tu, na hofu ya wezi na mbu. Nondo imara na nyavu nzuri zinalimaliza hilo. Pangaboi la wati 75 likizunguka saa nane linatumia nusu uniti na kitu. Kwa bei ya takribani shilingi 356 kwa uniti, kodi ikiwemo, ni kama shilingi 214. Kiyoyozi cha BTU 12,000 kinachovuta kilowati moja bila kupumzika kwa muda huo huo ni uniti nane, karibu shilingi 2,850 kila usiku. Na aliyekuwa kwenye kundi la bei nafuu la wasiozidi uniti 75 kwa mwezi atajikuta ametoka humo mara moja.

Kuna kifaa ambacho pwani hakifai na hapa kinafaa sana, nacho ni feni ya maji, ile yenye tangi chini na pedi zinazolowana. Inafanya kazi kwa njia ya mtungi wa udongo: maji yanapogeuka mvuke yanaondoka na joto. Lita moja ikigeuka mvuke hewani inachukua joto ambalo kiyoyozi cha BTU 12,000 kingelitoa kwa dakika kumi na moja au kumi na mbili hivi. Kuanzia Septemba hadi Novemba, hewa ikiwa kavu, utaihisi kweli. Iache ikiwa na dirisha wazi, maana hewa yenye mvuke lazima itoke. Watu wengi wanaifungia ndani, chumba kinakuwa kama pwani, wanasema haifai. Mvua ikianza Desemba, izime mpaka mwakani. Matunzo yake ni ya maji: maji ya visima vya huku yana chumvi nyingi, pedi zinaota ukoko mweupe na kuziba. Tangi limwagwe na kusuguliwa mara kwa mara, hasa kwa sababu maji yaliyotuama ni mazalia ya mbu.

Watu wa pwani hucheka nikitaja baridi, hadi wafike hapa Julai. Usiku unashuka hadi nyuzi 13 hivi, upepo unapuliza, na nyumba hizi za bati hazihifadhi joto kama zisivyozuia joto. Dari lililozibwa vizuri mwezi wa kumi ndilo linalokutunza mwezi wa saba. Fedha ni zile zile.

Kinachoniumiza ni jiko la mkaa kuingizwa chumbani na mlango kufungwa. Mkaa unapowaka pasipo hewa ya kutosha unatoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu. Inashika damu mahali pa oksijeni. Mtu anaumwa kichwa, anasikia usingizi, analala, haamki. Mkaa uliokwisha kutoa moshi, ambao akina mama wengi huuona salama, ndio unaodanganya zaidi, kwa sababu hakuna kinachokukereketa koo. Nawaambia wateja wangu wote, na wazazi wa wanafunzi waliopanga vyumba mitaani, kwamba jiko libaki nje hata kama mtoto anatetemeka. Blanketi la ziada, nguo nzito, chupa ya maji moto. Kama kuna umeme, hita.

Lakini hita ya waya ya wati 2,000 inakupa joto la wati 2,000, hakuna zaidi. Kiyoyozi chenye uwezo wa kugeuza mzunguko, kinachochukua joto la nje na kulileta ndani, kwa kilowati moja ya umeme kinaweza kukupa joto la kilowati tatu, na nyuzi 13 za nje kwake si baridi hata kidogo. Huko Ulaya serikali zinawahimiza watu wapashe nyumba zao kwa mashine za namna hii. Angalia remoti yako. Ikiwa na alama ya jua kando ya ile ya theluji, huenda unayo na hujawahi kuibonyeza, ingawa remoti nyingine zina alama hiyo na mashine haina uwezo, kwa hiyo soma kibandiko cha mashine ya nje kama kimetaja kupasha joto.

Anayebadilisha mashine nzima asome na jina la gesi. Za zamani zina R22, ambayo inaharibu tabaka la ozoni. Chini ya Itifaki ya Montreal ya mwaka 1987 na marekebisho yake, nchi zinazoendelea zinaifikisha ukingoni mwaka 2030, kwa hiyo kila mwaka itazidi kuwa adimu. R410A haigusi ozoni, lakini gramu yake moja inapasha dunia joto zaidi ya mara elfu mbili ya gramu ya hewa ya ukaa, ndiyo maana jirani zetu wa Rwanda waliwapokea wajumbe wa dunia Oktoba 2016 na hapo Kigali yakapitishwa marekebisho ya kuzipunguza gesi za aina hiyo. R32 ni theluthi moja ya madhara hayo, ila inaweza kushika moto, hivyo anayeifunga awe amefunzwa. Vyuo vya VETA vinafundisha fani ya majokofu na viyoyozi, na kumwuliza fundi cheti chake si kumdharau. Usikubali gesi moja iongezwe juu ya nyingine. Na gesi ya mashine ya zamani ivutwe kwenye mtungi wake kabla ya kukata mabomba. Kuiachia hewani ni kuzidisha joto lile lile tunalolilalamikia kila Oktoba.

Chagua yenye kompresa ya inveta, inayopunguza mwendo badala ya kuwaka na kuzima, na inayopasha joto pamoja na kupoza. Wauzaji wengi huleta za kupoza tu, kwa kuwa soko lao kubwa liko pwani. Ukiagiza Aprili, barabara zikianza kukauka, itakuwa imefika na kufungwa kabla ya baridi ya Juni.